Sekunde Moja na Nusu

Kasha hili ni kinanda kilichong'olewa meno:
halina vitufe vya kupiga, lina matundu mgongoni
na kioo cha kijani, mwanga wa kimulimuli aliyechoka.
Kwaya ya Igoma iliponunua jipya
waliniachia kwa elfu sitini,
pamoja na disketi tatu na mayai ya mende.

Mna sauti mia na ishirini na nane humo.
Nilizipitia usiku mmoja, moja moja,
kama mwenye gesti anayekagua vyumba:
fidla, filimbi, kengele za nchi ya theluji,
helikopta (nani aliiomba helikopta ibadani?),
na ya mwisho, chumba cha kona: UFUKWE.

Nikaipiga mbele ya Nyanzobe, jirani, mwanika dagaa.
Akasikiliza, kichwa upande, magamba mikononi.
"Hayo maji yana chumvi," akasema.
"Tena hayana mtu."

Lugembe, fundi wa Mirongo, alifungua mfuniko.
Alinusa kwanza.
"Betri imebakiza pumzi mbili. Ikikata, yote yanasahaulika.
Ila hapa" (akagusa kwa ncha ya bisibisi)
"Mjapani alijenga chumba cha uani, hakukipangisha."
Kina ukubwa gani?
"Sauti mpya chache. Kila moja, sekunde moja na nusu."

Nikaanza na vya karibu.
Jiwe la nyuma ya nyumba, lile lenye vishimo vya kugongea:
watoto wa Bugarika hulipiga wakicheza,
hawajui kwamba ni re.
Nikalitandaza oktava nne;
chini likawa mlima unaokoroma, juu likawa kijiko.
Kisha midomo ya korongo wa Kirumba, ka-ka-ka, wakigombea utumbo.
Kisha dagaa wakavu wakigeuzwa juu ya wavu,
kayamba ambalo hakuna aliyelisuka.

Ziwa nililiacha la mwisho, kwa woga.
Meli hulala njiani kulivuka hadi Bukoba;
mimi nina kibaba hiki.
Nichukue nini? Radi? Injini? Ule ukimya wa saa kumi,
kabla muadhini na jenereta hawajaamka?
Nikateremka mwaloni alfajiri, maikrofoni ya harusi nimeivika soksi,
nikainamia wimbi moja. Dogo. Halina sifa yoyote.
Lilikuja, likalamba changarawe, likarudi na deni lake.

Nyumbani nikalikata, nikauunga mkia na kichwa
lizunguke kadiri kidole kitakavyokaa.
Likazunguka. Ila kila penye kiungo: tik.
Nikasogeza kiungo huku. Tik. Kule. Tik.
Siku tatu nilisugua doa lile
kama asuguaye sufuria iliyoungua.
Siku ya nne nikaacha kusugua, nikasikiliza.

Hakikuwa kiungo.
Ilikuwa bangili, ikigusa ukingo wa beseni
hatua kumi kutoka nilipoinama,
na mimi sikugeuza shingo.

Lugembe amekuja na betri mpya.
Ameichomelea ya pili kabla hajaing'oa ya kwanza,
taratibu, kama watu wawili wanaopokezana mtoto aliyelala.
Hakuna kilichomwagika.
Nikaihamishia sauti yangu chumba cha kona, nikaifuta UFUKWE.
Nilisita kidogo. Mtu fulani, mbali huko,
naye alisimama kwenye mchanga wake, waya masikioni,
baridi ikimpiga.

Jina jipya, kioo kikadai. Herufi nane tu.
Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena.

Nyanzobe amesimama mlangoni, ananukia jua na dagaa.
Nabonyeza.
Anasikiliza, kichwa upande ule ule,
mara moja, mara mbili.
"Hilo," anasema, "ni beseni langu."